Mkombozi wa Karibu



Yako maneno ambayo sisi Wakristo twayatamka kila Jumapili hata tumeyazoea mno, wala hatusikii tena uzito wake. Neno moja katika hayo ni hili, Mkombozi. Tunaliimba, tunalitaja katika sala, tunawafundisha watoto wadogo walijue kabla hawajajua kusoma. Mimi nami nalilifundisha darasani miaka mingi, nikidhani nalijua. Leo nataka kuwaeleza jinsi manabii wa Waebrania walivyonionyesha kwamba sikulijua, na jinsi jambo la aibu lililotokea nyumbani mwetu lilivyonisaidia kuwaelewa manabii hao.

Baba yetu alipofariki alituachia shamba dogo la minazi 20. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, na kazi yangu ilikuwa katika shule ya kijiji cha pili. Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani pamoja na Mama kulitunza shamba. Mwaka mmoja akaingia katika ulevi, na ulevi ukamwingiza katika deni. Pasipo kumwambia mtu, akaiweka minazi yote rehani kwa tajiri mmoja, akapokea fedha, akazitapanya, kisha akatorokea mjini. Sisi tulipata habari siku ile wakwezi wa yule tajiri walipofika na mapanga viunoni, wakaanza kuangua nazi mbele ya macho ya Mama.

Fedha ya kuikomboa minazi ilikuwa kadiri ya mshahara wangu wa miezi mitatu. Nayo nalikuwa nayo. Nalikuwa nimeiweka akiba kidogo kidogo ili ninunue mabati ya kuezekea nyumba yangu. Lakini wazee wa ukoo walipokutana, nalisema hivi: "Aliyefunga ndiye afungue. Na aje kwanza, apige magoti mbele ya Mama, akiri kosa lake. Ndipo tutakapozungumza habari za fedha." Wazee wakaitikia, wakasema nimenena kwa haki. Mama hakusema neno.

Ikawa Kwaresima ya mwaka ule nalipewa zamu ya kuwafundisha watu wazima kanisani kila Jumatano jioni, na somo lenyewe lilikuwa manabii. Nikaanza na Hosea.

Hosea alitoa unabii katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, ambao mji wake mkuu ulikuwa Samaria, katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Alianza wakati wa mfalme Yeroboamu wa pili, nchi ilipokuwa na amani na mali nyingi. Watu walivuna nafaka, wakakamua divai na mafuta, kisha wakawashukuru Mabaali, wakamsahau yeye aliyewapa. Basi Hosea akaamriwa aoe mwanamke asiye mwaminifu, Gomeri binti Diblaimu, ili nyumba ya nabii iwe mfano wa nyumba ya Israeli. Wakazaliwa watoto watatu, na majina yao yalikuwa kama tangazo la hukumu. Wa kwanza aliitwa Yezreeli, jina la mahali palipomwagwa damu. Wa pili, binti, aliitwa Lo-ruhama. Na wa tatu aliitwa Lo-ami, maana yake, Si watu wangu.

Na tukae kidogo katika jina la yule binti, maana latuhusu sisi tusemao Kiswahili kuliko tudhanivyo. "Lo" katika Kiebrania ni neno la kukana. Na "ruhama" latokana na shina lile lile ambalo katika Kiarabu limezaa neno "rahma", nasi Waswahili tukalipokea, tukasema "rehema". Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na katika lugha zote mbili shina hilo ndilo litoalo pia jina la tumbo la uzazi. Kwa hiyo rehema, tukilifuata neno hata mzizini, si sarafu ambayo tajiri amtupia mwombaji mlangoni. Ni uchungu alio nao mama kwa mtoto aliyetoka tumboni mwake. Katika vijiji vyetu mna wasichana wengi waitwao Rehema. Fikirini basi mtoto aitwaye Hapana Rehema, aitwe hivyo kisimani, aitwe hivyo wakati wa chakula, na majirani wote wakisikia. Ndivyo alivyoitwa binti wa Hosea, kwa kuwa Israeli ilikuwa haina tena jambo la kujitetea.

Lakini katika sura ya pili majina hayo yanageuzwa. Yeye aliyekosa rehema anapata rehema, na wale wasio watu wa Mungu wanaitwa watu wake. Nikawauliza wanafunzi wangu: Ni nini kilichobadilika katikati? Je, watu walikuwa wametubu? Tukarudia mistari, tukatafuta. Tukamwona mke mpotevu akisema atarudi kwa mumewe wa kwanza. Lakini sababu yake ni kwamba hali yake ya zamani ilikuwa nzuri kuliko ya sasa. Hayo si majuto, ni hesabu ya mtu mwenye njaa. Baada ya hapo ni Mungu tu atendaye. Yeye ndiye amwongozaye mwanamke jangwani, yeye ndiye asemaye naye kwa upole, yeye ndiye amposaye upya, na mahari ya posa hiyo, yaani haki na fadhili na rehema na uaminifu, yeye mwenyewe ndiye aitoaye.

Kisha tukafika sura ya tatu, ambayo ina mistari mitano tu. Hosea anaamriwa aende tena akampende mwanamke apendwaye na mtu mwingine. Jina halitajwi, lakini wasomaji wengi tangu zamani wamemtambua kuwa ni yule yule Gomeri. Alikuwa mikononi mwa nani, hatuambiwi. Twaambiwa bei tu: Hosea alimnunua kwa shekeli 15 za fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Sasa, katika Torati, kitabu cha Kutoka, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ilikuwa shekeli 30. Kwa hiyo wako wafafanuzi wadhanio kwamba shayiri iliwekwa ijaze nusu iliyopungua. Yaani nabii alikung'uta mfuko wake wote, akaona fedha haitoshi, akaenda ghalani kwake. Naliwaeleza wanafunzi jambo hilo kama nielezavyo hesabu ubaoni, kisha nikafunga kitabu, tukasali, tukaondoka.

Jumamosi yake nalikwenda kumjulia hali Mama. Nikaona banda la mbuzi li wazi, halina kitu. Nikachungulia ghalani, nikaona yale magunia ya mpunga hayapo.

"Mama, mpunga u wapi?"

"Nimeikomboa minazi," akasema. "Bei ya mbuzi haikutosha, nikaongeza mpunga."

Ndugu zangu, nilisimama pale mlangoni nikaikumbuka shayiri ya Hosea, lakini moyo wangu haukulainika. Nalikasirika. Nikasema, "Mama, naye hata hajaja kuomba radhi! Hajatuma hata salamu!"

"Najua hajaja, mwanangu. Lakini akija, atafikia wapi, ikiwa shamba si letu tena?"

Nikaendelea kunena habari za haki na adabu, kama walimu tujuavyo kunena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ada yako ya chuo ilitoka katika minazi hiyo hiyo. Baba yako hakukuuliza kwanza utamrudishia nini." Nikaaga, nikaondoka na hasira yangu, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Jumatano iliyofuata tulisoma sura ya 11 ya Hosea. Ili mtu aielewe sura hiyo yampasa aikumbuke sheria moja iliyo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, juu ya mwana mkaidi asiyemsikia baba wala mama. Wazazi wake watamshika, watampeleka kwa wazee langoni pa mji, na watu watampiga kwa mawe hata afe. Sasa Hosea anamwonyesha Mungu kama baba aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, akiinama kumlisha. Na mwana huyo, kila alipoitwa, alizidi kwenda mbali. Kila Mwisraeli aliyeijua sheria alingoja hukumu ya langoni. Badala yake twamsikia Baba akijiuliza mwenyewe, awezaje kumtoa mwanawe, awezaje kumfanya kama Adma na Seboimu, miji iliyoangamizwa pamoja na Sodoma na Gomora. Na hapo Hosea anatumia neno ambalo katika kitabu cha Mwanzo limetumika kwa kupinduliwa kwa Sodoma. Asema moyo wa Mungu umepinduka ndani yake. Ule upinduzi uliostahili kuupata mji umeingia ndani ya moyo wa Baba.

Na sababu gani imetolewa? Ni kwamba yeye ni Mungu, wala si mwanadamu. Mimi sikuzote nalidhani kinyume cha hayo; nalidhani kusamehe kabla ya wakati ni udhaifu wa kibinadamu, udhaifu wa akina mama hasa, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mtakatifu, hana budi kungoja. Hosea asema kwamba kungoja mpaka deni lilipwe ndio ubinadamu, na kwamba utakatifu wa Mungu waonekana katika kutokumwacha mwana.

Hapo mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema, "Mwalimu, ukifundisha hivi, vijana watasema, Na tufanye tupendavyo, tutakombolewa tu." Swali lake lilikuwa la haki, tena lilikuwa swali langu mwenyewe. Nikaomba nilijibu Jumatano ya pili, nami nikaenda kulitafutia jibu kwa Ezekieli.

Ezekieli alikuwa kuhani, akachukuliwa mateka Babeli mwaka wa 597 kabla ya Kristo pamoja na mfalme Yehoyakini. Basi hawezi mtu kusema kwamba hakujua malipo ya dhambi. Samaria ya Hosea ilikwisha kuangushwa na Waashuri karibu na mwaka wa 722, na Yerusalemu nayo ikachomwa moto na majeshi ya Nebukadreza karibu na mwaka wa 587, Ezekieli akiwa mbali, kando ya mto Kebari. Rehema haikuyazuia hayo. Hata mwanamke wa Hosea, baada ya kununuliwa, aliambiwa akae siku nyingi kwa utulivu, asiwe wa mtu mwingine. Aliyekombolewa hakuachiliwa aende kujiuza tena.

Lakini someni sura ya 36 ya Ezekieli, mwangalie mpango wake, kama mtu aangaliavyo hatua za hesabu. Kwanza Mungu asema kwamba alitendalo halitendi kwa ajili yao, bali kwa ajili ya jina lake takatifu walilolitia unajisi kati ya mataifa. Halafu atawakusanya kutoka katika nchi zote. Halafu atawanyunyizia maji safi. Halafu ataondoa moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama, na kuwatilia roho yake, ndipo watakapozishika amri zake. Halafu watakaa katika nchi ya baba zao, na nafaka itakuwa nyingi. Na baada ya hayo yote, ndipo watakapozikumbuka njia zao mbaya na kuona chukizo juu ya nafsi zao.

Mwaona ndugu? Aibu ya toba iko mwishoni. Sisi twaiweka mlangoni, twasema, Lia kwanza, ndipo uingie. Ezekieli aiweka ndani ya nyumba, baada ya maji na baada ya chakula. Wala si kwa kuwa dhambi ni jambo dogo. Ni kwa kuwa moyo wa jiwe hauwezi kulia. Yapasa ubadilishwe kwanza, na hakuna mtu awezaye kujibadilishia moyo. Nikamjibu yule mzee hivyo: kijana asemaye, Nifanye nipendavyo maana nitakombolewa, huyo bado hajajua kilichouzwa ili akombolewe. Siku atakapoliona ghala tupu hatasema tena maneno hayo.

Niliposema "ghala tupu" sauti ilinikatika kidogo, lakini nadhani hawakutambua.

Somo la mwisho lilikuwa Isaya, katika zile sura zinazosema na watu wa uhamishoni, kabla Koreshi mfalme wa Uajemi hajautwaa Babeli mwaka wa 539. Katika sura ya 44 Mungu asema amekwisha kuyafuta makosa yao kama wingu litowekavyo. Basi na wamrudie, kwa maana amewakomboa. Tena mpango ni ule ule: hasemi kwamba wakirudi atawakomboa, ukombozi umetangulia, na kurudi kwafuata. Nalitaka kujua neno hilo "kukomboa" ni lipi katika Kiebrania, nikaona kwamba Mkombozi katika Isaya ni "goeli". Na goeli si cheo cha mbinguni tu. Ni mtu ajulikanaye katika sheria za kijiji. Nikafungua Mambo ya Walawi, sura ya 25, ielezayo kazi yake. Sheria yasema kwamba ndugu yako akiwa maskini, akauza sehemu ya shamba lake, jamaa yake aliye wa karibu zaidi atakuja na kukikomboa alichokiuza nduguye.

Nalisoma peke yangu, usiku, taa ikiwa mezani. Jamaa aliye wa karibu zaidi. Shamba alilouza nduguye. Haiulizwi kama ndugu yule alikuwa maskini kwa bahati mbaya au kwa ulevi. Haisemwi kwamba apige magoti kwanza. Ukoo mzima ulikuwa na mtu mmoja mwenye fedha mkononi na mwenye wajibu huo, na mtu yule alikuwa amezifungia fedha sandukuni ziwe mabati. Mama mjane alikuwa amefanya kazi ya goeli mahali pangu, kwa mbuzi wake na mpunga wake wa kula.

Nikajiona nimekaa mahali alipokaa Yona, nje ya mji wa Ninawi, chini ya kivuli nisichokipanda, nimekasirika kwa kuwa Mungu amekuwa mwema kwa mtu nisiyempenda. Kitabu cha Yona chaisha kwa swali, wala jibu la Yona halikuandikwa. Nalihisi swali lile limeachwa wazi ili kila msomaji alijibu mwenyewe.

Asubuhi nalimpelekea Mama fedha za mabati. Hakunishangilia, wala hakunikumbusha maneno yangu. Alizipokea, akanunua mbuzi wawili mahali pa wale aliowauza, na mpunga wa kumfikisha mavuno.

Mdogo wangu alirudi baada ya miezi minne, usiku, kama mtu ajaye kuiba. Nami nalikuwapo, maana shule zilikuwa zimefungwa. Mama alimpa chakula, akamtandikia. Asubuhi akampa panga, akamwambia akaangue nazi tatu za mchuzi. Mdogo wangu akauliza, "Nazi za nani?" Mama akasema, "Zetu." Akapanda mnazi ulio karibu na nyumba, akakaa huko juu muda mrefu kupita kazi ya nazi tatu. Tukamsikia analia. Aliposhuka, alipiga magoti mbele ya Mama, akayasema yale maneno niliyotaka ayaseme kwanza. Naye aliyasema kwa namna ambayo nisingaliweza kumlazimisha kuyasema mbele ya wazee.

Sitawadanganya kwamba tangu siku hiyo amekuwa mtu mkamilifu. Ameanguka tena, akainuka tena. Hosea naye hatuambii yule mwanamke aliishije baada ya kununuliwa. Atuambia bei tu, na aliyeilipa. Sisi tuijuao habari ya Msalaba twafahamu kwamba zile shekeli 15 na ile shayiri zilikuwa kama arabuni ya bei iliyo kubwa zaidi, iliyolipwa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi, hatujaomba radhi, hatujatuma hata salamu.

Basi, wasomaji wapendwa, huenda nyumbani mwako pana mtu unayemngoja aje kwanza. Huenda una haki, na wazee wamekuitikia. Nakusihi, jiulize swali lile la Mama: akija, atafikia wapi?

Nyumba yangu mimi hata leo imeezekwa kwa makuti. Mvua ikinyesha sana huvuja mahali pamoja, karibu na meza ninapoandika. Makuti yenyewe yametoka katika ile minazi 20, na mdogo wangu ndiye aliyeyakata.